Sema Umeona Nini

Jumamosi, 3 Oktoba

Mawingu. Tumetoa darubini stoo, tumeibeba hadi uwanja wa kikapu, tumeifunga, tumeisawazisha, mvua ikaanza, tumeirudisha stoo. Watu waliokuja kutazama nyota wametazama miavuli yao wakaenda zao. Mwenyekiti anasema hata hiyo ni sayansi. Mimi naona ni uchukuzi.

Jumapili, 4 Oktoba

Naandika humu kwa sababu nikimlalamikia mume wangu kuhusu mawingu mara nyingine tena atahama nyumba. Siku saluni ikifungwa mikono inaniwasha. Nimefua, nimepiga deki, nimehamisha kabati, nimelirudisha lilipokuwa. Yeye amekaa anasikiliza redio, ametulia tuli, na utulivu wake unanikera kuliko mvua.

Kwa atakayekuja kusoma haya nikiwa nimeshakufa: klabu yetu ya nyota ina darubini moja na watu wachache wenye vichwa vigumu. Mwenyekiti ni mwalimu wa fizikia katika shule ile ile ambayo mume wangu anaendesha basi la wanafunzi. Mkuu wa shule anatupa uwanja kila Jumamosi jioni na anazima taa zote, na yeyote apitaye barabarani anakaribishwa kuchungulia bure. Mimi ndiye ninayekaa kwenye darubini. Walinichagua kwa kuwa msusi ana mkono mwepesi na amezoea kusimamia watu wanaogombania zamu.

Jumanne, 6 Oktoba

Mvua. Mteja ameniuliza nyota yake inasemaje kuhusu mchumba wake. Nimemwambia nyota hazimjui mchumba wake, zina bahati.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mbingu zimefunguka, na nimerudi nyumbani na hasira.

Foleni ilikuwa ndefu hadi langoni. Nilielekeza darubini kwa Zohali, ile sayari yenye pete. Mtu anapanda kigodani, anachungulia, anasema, "Nimeona, nzuri sana," anashuka. Mwingine, "Nimeona, nzuri sana." Nikajisikia mama wa ulimwengu. Kisha nikainama mwenyewe kuangalia, nikakuta giza tupu. Dunia inazunguka, na darubini yetu haina mota, kwa hiyo usipoisogeza kila mara Zohali inahama yenyewe na kutoka kwenye lenzi. Nilikuwa nimejisahau kwa kupiga soga. Sijui ni watu wangapi walilisifu lile giza.

Hakuna hata mmoja aliyesema haoni kitu. Wote wana adabu. Adabu hiyo inaniua.

Nimetangaza sheria hapo hapo: kuanzia Jumamosi ijayo, hakuna kushuka kigodani mpaka useme umeona nini.

"Utawafukuza watu, dada," Mwenyekiti akasema.

"Bora niwafukuze wakiwa wameona."

Mume wangu naye alikuwa kwenye foleni, kama kawaida yake, na alisema kama wote, "Nimeona, mama watoto, nzuri kweli." Anakuja kila Jumamosi toka mwaka jana. Sijui kama anazipenda nyota au ananipenda mimi, na sijawahi kuuliza, maana jibu lolote kati ya hayo mawili linanifaa.

Jumatatu, 12 Oktoba

Wamenipa lifti ya basi hadi saluni. Wifi yangu ndiye matroni wa hilo basi, dada wa mume wangu tumbo moja, na mdomo wake haupumziki. Anasimama nyuma ya kiti cha dereva, shingo begani kwa kaka yake: kulia kuna baiskeli, kulia kuna mama na mtoto, kulia huyo wa pikipiki ana wazimu. Nilishuka kichwa kinaniuma. Jioni nilimwambia mume wangu kwamba dada yake angefaa kufungwa mbele ya basi awe honi. Alicheka hadi akakohoa.

Alhamisi, 15 Oktoba

Mvua usiku kucha. Paa la saluni linavuja pale pale nilipolipia fundi aliyekuja na ngazi na maneno mengi.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Jioni ilianza vizuri. Sheria yangu inafanya kazi. Mlinzi wa shule alisema ameona sahani iliyovaa kofia. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mboga zake alisema, "Naona kitu kimekaa peke yake, kinaonekana kina kiburi." Nikampa mkono. Watu walianza kuwazia majibu yao wakiwa bado kwenye foleni, kila mtu anataka lake liwe bora.

Kisha wingu likafunika upande wa Zohali, nikageuza darubini kwenye mwezi. Mwezi ulikuwa nusu, mweupe, umejaa lenzi nzima. Mume wangu alikuwa nyuma akiongea na mlinzi, hakuona nilipogeuza. Zamu yake ikafika. Akapanda, akafumba jicho la kushoto kama afanyavyo siku zote, akaweka la kulia.

"Sema umeona nini."

"Pete," akasema. "Pete nzuri, zimezunguka vizuri kabisa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Shemeji, huo ni mwezi," Mwenyekiti akasema. Mume wangu naye akacheka, akataka kushuka.

Mimi sikucheka. Nilidhani anaifanyia mzaha sheria yangu mbele za watu. Nikamshika bega nikamrudisha. "Chungulia vizuri. Mwezi huo, una mashimo kama ukuta uliobanduka plasta. Unaona nini?"

Akachungulia. "Naona weupeweupe. Kama ukungu."

"Ukungu gani?"

"Si ndivyo inavyokuwa siku zote?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mara nyingi hata huo ukungu haupo, ni giza tu. Nasema nimeona, nashuka. Si kila mtu anafanya hivyo? Nilidhani ni heshima, kama mtu anapokuonyesha mtoto wake mchanga, utasema nini zaidi ya mzuri."

Watu walikuwa bado wanacheka. Nikamwambia kwa sauti ya chini ahamishe, aweke jicho la kushoto. Akageuza shingo, akahangaika kidogo kutafuta kitundu. Kisha akatulia. Alikaa hivyo muda mrefu, na mwezi ukaanza kuhama, na mimi nikawa nasogeza darubini polepole ili usimtoke. Midomo yake ilikuwa wazi.

"Kumbe mlikuwa mnasema kweli," akasema.

Furaha ya mtu huyo. Alishuka akawa anamwambia kila mtu kuhusu yale mashimo, kana kwamba sisi hatujawahi kuyaona. Njia nzima hadi nyumbani alizungumzia mwezi. Mimi nilikuwa natembea upande wake wa kulia, nimeinua mkono wangu karibu na uso wake, nautikisa. Hakugeuka.

Jumapili, 18 Oktoba

Nimemfunika jicho la kushoto kwa kitambaa cha saluni, nikamwambia asimame sebuleni, nikasimama mbele yake, karibu hadi pumzi zetu zikagusana.

"Uko wapi?" akauliza.

Hakujua. Naapa hakujua. Katika kila kitu kingine macho mawili yanasaidiana, la kushoto lilikuwa likifanya kazi ya mwenzake bila kulalamika. Nani maishani huwa anatazama kwa jicho moja, kama si sisi wa darubini? Amekaa kwenye kochi hakuwasha redio.

Jumatatu, 19 Oktoba

Ameenda kazini. Nimezikaza nywele za mteja hadi akatoa machozi.

Jumanne, 20 Oktoba

Daktari wa macho ni kijana, anaongea taratibu, alimwita mume wangu mzee na mimi mama. Ni presha ya macho. Haiumi, haina dalili, inakula kuanzia pembeni kuja katikati. La kulia limekwisha na halirudi. La kushoto limeanza kuguswa pembeni, lakini linaweza kuokolewa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Akiruka dawa, linamfuata mwenzake. Akaandika, akafunga peni, akasema, "Na mzee asibebe abiria tena."

Mume wangu akaitikia, "Sawa, daktari." Adabu ile ile.

Tulipofika kwenye korido akasema, "Muhula uishe tu."

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Muhula uishe. Wale wa darasa la mwisho nimewachukua wakiwa wanabebwa kupanda ngazi za basi. Niwafikishe siku ya mwisho, kisha niondoke kwa heshima yangu. Sijawahi kumkwaruza hata kuku."

Ni kweli, hajawahi.

Jumatano, 21 Oktoba

Hawezi kujiwekea dawa. Anafumba kabla tone halijafika, linamtiririka shavuni. Kwa hiyo ni mimi. Analaza kichwa mapajani kwangu, namfungua jicho kwa vidole viwili, naye anakaza mwili mzima kama anayeng'olewa jino.

Ijumaa, 23 Oktoba

Mvua kubwa. Basi limechelewa kupita. Nilitoka saluni na kitana mkononi, nikasimama kwenye matope hadi lilipotokea. Alinipigia honi. Nikapunga mkono.

Jumamosi, 24 Oktoba

Mawingu. Afadhali.

Jumatatu, 26 Oktoba

Nimemwomba aache. Amesema muhula uishe.

Jumanne, 27 Oktoba

Nimemwomba aache. Ameniuliza kama kuna chai.

Jumatano, 28 Oktoba

Wifi amekuja saluni, amejikalisha kwenye kiti cha wateja bila kuomba zamu, akaniambia nimfumue. Nilijua hakuja kufumuliwa.

"Kaka ameniambia," akasema kwenye kioo. "Wifi, mwache mwenzio amalize."

"Na wewe umemwona kila siku, hukugundua?"

Akageuza macho kutoka kwenye kioo. Kisha akasema kwamba tangu mwaka jana aliona kaka yake hashtuki na kitu kinachotoka kulia. Akadhani ni mawazo, akadhani ni uzee. Akaanza kumtajia. Mwanzo mara moja moja, baadaye kila kitu.

"Kwa hiyo jicho analo," akasema. "Ni mimi. Tatizo liko wapi?"

Na mimi nilikuwa nikimcheka kwamba ni honi. Nimeona aibu, kisha nimepata hasira, kisha nimeona aibu tena, vyote hivyo nikiwa nimemshika nywele. Anampenda kaka yake kuliko nilivyodhani mtu anaweza, na kwa upendo huo huo anabeba basi zima la watoto wa watu kwenye ulimi wake.

"Siku ukiugua je?" nikamuuliza.

"Siugui," akasema.

Jumamosi, 31 Oktoba

Anga safi. Foleni ndefu. Yeye sasa anapanda na jicho la kushoto na anajibu kuliko wote. Ameziona pete, kweli kweli, akasema zimeinama kama ukingo wa kofia ya mtu anayesalimia. Watu wakampigia makofi. Mkuu wa shule alikuwepo, akacheka, akaniambia, "Umemfanya dereva wetu kuwa mtaalamu." Nilitaka kumwambia yote pale pale. Nikamwambia anayefuata apande.

Mkuu ana watoto wawili kwenye lile basi. Nimewaona wakichungulia Zohali, mmoja baada ya mwingine.

Jumatatu, 2 Novemba

Sijalala vizuri. Nikisikia breki barabarani naacha kichwa cha mtu nusu. Wateja wameanza kuniuliza kama nina mimba.

Jumatano, 4 Novemba

Leo nimepanda basi. Nilisema nataka lifti tu, nikakaa kiti cha pili kutoka kwa dereva. Wifi alinitazama akajua. Mume wangu alinitazama kwa kioo, kwa lile jicho, akasema, "Karibu, mama watoto," akaondoa gari kwa ulaini kama afanyavyo siku zote. Ni dereva mzuri. Niandike hilo.

Wifi akaanza wimbo wake: kulia baiskeli, kulia wazi, kulia mkokoteni mbali. Na hapo ndipo nikasikia watoto. Kila akisema "kulia", wanaitikia. Wamelifanya mchezo. Wale wa upande wa kulia wamebandika nyuso dirishani, wanashindana nani ataona wa kwanza. "Kulia pikipiki, Anko!" "Kulia mbwa!" Anayewahi anapigiwa makofi. Wanacheka, basi zima linacheka, na mume wangu anatabasamu na kugeuza usukani.

Karibu na makutano mtoto mmoja alitapika. Wifi akainama kumsafisha, na watoto wote wakageuka kutazama, maana hakuna kitu mtoto apendacho kutazama kama tapishi. Kukawa kimya upande wa kulia. Mume wangu akakunja kulia. Nikamwona mtu wa mkokoteni, mgongo kwetu, amepakia magunia ya mkaa, na gari letu linamwendea bila kupunguza mwendo.

Nilipiga kelele. Sikusema neno, ni kelele tu. Akakanyaga breki, watoto wakarushwa kwenye viti vya mbele, mwenye mkokoteni akageuka akatutukana, akatuonyesha ngumi, akaenda zake mzima.

Hakuna aliyeumia. Mtoto mmoja akasema, "Anko, huyo hatukumwona sisi." Sisi. Alikuwa anaomba radhi.

Mume wangu aliendesha hadi shuleni polepole. Mimi nilishuka nao, nikatembea hadi saluni kwenye mvua.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Nimemwekea dawa. Nikamwambia, kichwa chake kikiwa bado mapajani, "Usiende kesho."

"Niache nifikiri."

"Unafikiri nini?"

"Niache, mama watoto. Nifikiri."

Alhamisi, 5 Novemba

Ameondoka alfajiri kuliko siku zote, sikusikia hata mlango. Nimeamka kitanda kitupu. Nimeona: huyu ameamua, na ameamua kwenda.

Nikasubiri hadi nikashindwa. Sikufungua saluni. Nilikwenda shuleni na miguu yangu, njiani najiambia maneno nitakayosema, kwamba mimi ni mke wake na sina ugomvi naye, kwamba ni mtu mwema, kwamba asiendeshe tena. Mkuu alinipokea ofisini, akanipa kiti. Nikasema yote bila kupumua: jicho, daktari, wifi, watoto, mkokoteni. Nilisema hata yale ya ndani ya nyumba yetu, kwamba nilimwomba akakataa.

Mkuu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Mumeo alikuwa hapa kabla ya kengele. Alikuja kwa miguu. Aliweka ufunguo pale mezani, akasema maneno haya haya. Watoto leo wameletwa na dereva wa kuazima."

Nikauliza yuko wapi.

"Anakusanya vitu vyake garini. Aliniomba nisikupigie simu. Alitaka akwambie mwenyewe."

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama hapo, amekumbatia mto wake wa kiti. Sijui alikuwa amesimama kuanzia wapi. Alinitazama kwa jicho moja, lile linaloona.

"Umekuja kunisindikiza?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Mkuu asingenisaliti, nilimwona akishusha macho mezani. Lakini mimi ndiye niliyetunga ile sheria ya kigodani, na sikuweza.

"Nimekuja kukusemea," nikasema.

"Haya," akasema. Akapita.

Ijumaa, 6 Novemba

Haongei. Si kununa, ningejua la kufanya na mtu aliyenuna. Anajibu nikiuliza, anasema asante, ananipisha mlangoni. Adabu. Wifi naye amekuja, amesimama uani, akanitazama, akaondoka.

Jumamosi, 7 Novemba

Anga safi. Sikwenda. Mwenyekiti amepiga simu mara kadhaa.

Jumatatu, 9 Novemba

Nilimwambia nilidhani ameenda kuendesha. Akasema, "Najua ulidhani." Akaendelea kung'oa majani uani, yale ya upande wa kushoto. Ya kulia ameyaacha, hayaoni. Nikamngoja aingie ndani nikayang'oa mimi.

Jumamosi, 14 Novemba

Nimekwenda klabuni. Watoto wa basi walikuja na wazazi wao, wakaniuliza Anko yuko wapi. Nikawaambia anapumzika. Mmoja alipanda kigodani, nikamwambia aseme ameona nini, akasema, "Sioni kitu." Nikaangalia, Zohali ilikuwa imehama. Nikamrudishia. Aliposhuka nilimkumbatia mtoto wa watu bila sababu, mama yake akanishangaa.

Jumatano, 18 Novemba

Mvua imekwisha. Vumbi limerudi, na wateja, na mimi bado siwezi kukaa. Nasuka nimesimama, nakula nimesimama. Mtu niliyeishi naye miaka yote hiyo aliniomba usiku mmoja wa kufikiri, na mimi sikumpa. Na kama angekuwa ameenda kuendesha, ningekuwa sahihi, na leo ningekuwa natembea kifua mbele. Naligeuza jambo hili kila upande na halikai.

Jioni alikuja mwenyewe, kama kila jioni, saa ya dawa ilipofika. Hata siku moja hajaikosa, hata wiki ile alipokuwa hanipi neno. Akalala, kichwa mapajani kwangu. Nikashika chupa.

"Utanisamehe?" nikamuuliza.

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, na safari hii nilimngoja, mkono umening'inia hewani hadi ukaanza kufa ganzi.

"Weka dawa," akasema.

Sikumgusa kope. Alilifungua mwenyewe lile jicho la kushoto, moja alilobaki nalo, akaliacha wazi chini ya mkono wangu, na tone liliposhuka hakufumba.